Jipu la mtoto si la kumwagia unga wa kapsuli

Kila wiki naletewa watoto wenye majipu, na karibu wote wameshapitishwa duka la dawa. Wazazi huniuliza haya.

Huyo stafilokokasi anayeleta majipu ni nini?
Bakteria wa kawaida. Takribani watu 3 kati ya 10 wanakaa naye puani bila kuumwa. Akipenya kwenye mkwaruzo au upele uliokunwa, jipu linaanza.

Na stafilokokasi sugu je?
Ni yuleyule, ila amezizoea dawa. Anaitwa MRSA, na Uingereza walimtambua tangu 1961. Amoksilini, kloksasilini, sefaleksini: hazimwezi. Zamani alijulikana kuwa wa wodini. Siku hizi anawapata hata watoto ambao hawajawahi kulazwa. Kule Marekani, kati ya 1997 na 1999, watoto 4 wa Minnesota na North Dakota walikufa kwa bakteria huyu. Dawa walizoanzishiwa hazikumuua.

Nikimwagia kidonda unga wa kapsuli ya rangi mbili, si kitakauka?
Hapana. Kinakauka juu, usaha unabaki chini. Unga unagandamana na damu unakuwa gamba, na nikilibandua mtoto analia kuliko alivyolilia jipu lenyewe. Kapsuli imetengenezwa imezwe. Usimwage.

Mama yangu alinimwagia, nikapona.
Ulipona kwa kuwa jipu lilipasuka, usaha ukatoka. Kapsuli ikachukua sifa. Usimwage, hata kidogo.

Basi nimnunulie dozi ya siku mbili, hela ikipatikana niongeze?
Hapana tena! Nusu dozi inaua bakteria dhaifu na kuwaachia uwanja wale wenye nguvu. Halafu, mama, jipu lililoiva tiba yake kubwa ni kupasuliwa kwa kifaa safi, usaha utoke. Dogo mara nyingi halihitaji hata kidonge. Usaha ukioteshwa maabara ndipo tunajua dawa gani bado inamuua. Kuliminya kwa vidole au kulitoboa kwa pini ni kumsukuma bakteria ndani.

Lini nisingoje kuche?
Mtoto akiwa na homa, akilegea, akipumua haraka, wekundu ukitanuka, au jipu likiwa karibu na pua au jicho. Aliye chini ya miezi 2, mlete kwa kipele chochote chenye usaha. Na anayechechemea! Huyo huenda bakteria ameshafika kwenye mfupa au kiungo, lakini wengi naletewa baada ya wiki nzima ya kuchuliwa, eti ameteguka. Mtoto mwenye homa anayechechemea hachuliwi. Analetwa siku hiyohiyo.

Na wenzake nyumbani?
Taulo lake peke yake. Wembe wa kunyolea usizunguke vichwa vyote. Ukigusa kidonda, nawa kwa sabuni.

Shule aende?
Aende, mradi kidonda kimefunikwa na bandeji haivuji.