Je, wajua tezi ya shingoni inaweza kutolewa kupitia kwapani?

Tezi ya thairoidi imekaa mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo, imekumbatia koo la hewa kama kipepeo aliyekunjua mabawa. Kwa mtu mzima mwenye afya haifiki gramu 30. Iko karibu sana na ngozi, ndiyo maana ikivimba ikawa goita kila mtu anaiona. Sasa kwa nini daktari aiache njia fupi hivyo, aanzie safari kwapani?

Jibu ni kovu. Zamani hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuwaza habari za kovu. Katika karne ya 19 wagonjwa wengi walivuja damu hadi kufa mezani, na mwaka 1850 Akademia ya Tiba ya Ufaransa ikaupiga marufuku kabisa upasuaji huu. Aliyegeuza mambo ni Theodor Kocher wa Bern, Uswisi, daktari mtaratibu na mwangalifu aliyefanya maelfu ya upasuaji wa thairoidi, vifo vikashuka hadi chini ya mmoja kwa kila wagonjwa 100. Mwaka 1909 alipewa Tuzo ya Nobel. Mkato wa mlalo unaofuata mikunjo ya ngozi, juu kidogo ya mitulinga, umebeba jina lake na bado ndio unaotumika zaidi duniani.

Mkato huo ukishonwa vizuri, kwa watu wengi kovu hufifia na kubaki mstari mwembamba. Lakini wapo ambao ngozi yao huota keloidi, kovu likanenepa na kuwasha. Na shingo haifichiki kama tumbo. Wagonjwa wengi wa thairoidi ni wanawake, tena wengine bado vijana, na kila wajitazamapo kwenye kioo wanaliona.

Korea Kusini ndiko hoja hiyo ilikopata nguvu. Tangu mwaka 1999 nchi hiyo ilikuwa na mpango wa kitaifa wa kupima saratani mbalimbali. Thairoidi haikuwamo, ila hospitali nyingi ziliongeza kipimo cha ultrasaundi ya shingo kwa malipo kidogo. Vivimbe vidogo mno vikaanza kugunduliwa kwa wingi: kufikia mwaka 2011, kiwango cha saratani ya thairoidi kilikuwa mara 15 ya kile cha mwaka 1993. Hapo ndipo palipojitokeza kundi kubwa la watu wenye uvimbe mdogo, wasioumwa popote, wenye miaka mingi ya kuishi na kovu. Mwishoni mwa mwaka 2007, Woong Youn Chung na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yonsei, jijini Seoul, wakaanza kuitoa tezi kwa roboti kupitia kwapani.

Kazi yenyewe huanza bila roboti. Mgonjwa amelala chali kwa nusukaputi, mkono wa upande wenye uvimbe umeinuliwa. Daktari anapasua sentimita 5 au 6 ndani ya kwapa, mahali ambapo mkono ukishuka hapaonekani. Kisha, kwa mikono yake mwenyewe, anaibandua ngozi pamoja na mafuta yake kutoka juu ya msuli mkubwa wa kifua, anapanda juu ya mtulinga, anaingia shingoni akipita katikati ya mashina mawili ya ule msuli unaochomoza ukigeuza kichwa. Chuma kirefu kilichofungwa kitandani kinainua paa la njia hiyo lisianguke. Ndipo roboti inasogezwa na kuingiza mikono yake: mmoja umeshika kamera, mingine vifaa vya kushikia, kukatia na kuziba mishipa ya damu.

Roboti inahitajika kwa sababu njia ni ndefu na nyembamba. Vifaa vya kawaida vya upasuaji wa kamera ni fimbo zilizonyooka. Vikipita pamoja katika tundu moja vinagongana, na ncha zake hazipindi. Ncha za roboti zinapinda kama kifundo cha mkono, mtetemeko wa vidole unachujwa, na daktari anaona picha yenye kina iliyokuzwa hadi mara 10. Mashine haiamui lolote. Kila inaposogea, ni kwa sababu daktari aliyeketi pembeni amesogeza vidole. Katika mashine nyingi, kitu kimoja hukosekana: hisia ya mguso. Kama uzi unakazwa kupita kiasi, anategemea macho.

Na macho yanahitajika hasa. Nyuma ya thairoidi hupita neva inayoendesha nyuzi za sauti, nayo ina njia ya ajabu: inashuka hadi kifuani, inazunguka mshipa mkubwa wa damu, halafu inarudi juu mpaka kwenye zoloto. (Kwa twiga mzunguko huohuo unachukua mita kadhaa.) Ikijeruhiwa, sauti inakwaruza au inapotea. Jirani yake kuna vitezi vinne vya milimita chache tu, vinavyodhibiti kalisiamu ya damu. Vikiondolewa kwa bahati mbaya, mgonjwa huanza kusikia vidole vikimchonyota na misuli ikimkaza.

Kwa hiyo anayeuita upasuaji huu "mdogo" anapotosha. Kovu limehamishwa tu, na kulihamisha kuna gharama: nyama nzima zaidi inabanduliwa, muda mezani unaongezeka, kifua kinaweza kufa ganzi kwa miezi, na mkono ulioinuliwa unaweza kuvuta neva zake. Bawa la tezi la upande wa pili ni gumu kufikiwa. Goita kubwa au saratani iliyokwisha kupenya nje ya tezi bado ni kazi ya mkato wa Kocher. Mwaka 2011, Intuitive Surgical, kampuni inayounda roboti ya da Vinci, iliacha kuunga mkono matumizi yake kwa thairoidi nchini Marekani, ingawa Korea waliendelea.

Baadaye ikaja njia ya mdomoni. Mwaka 2016, Angkoon Anuwong wa Bangkok alichapisha matokeo ya wagonjwa 60 wa kwanza aliowafanyia upasuaji kupitia mikato mitatu ndani ya mdomo wa chini, kwa kamera na vifaa vya kawaida. Wengine sasa huifanya kwa roboti. Kwa njia ya Anuwong ngozi haikatwi kabisa, na kwa kuwa daktari anashuka katikati, mabawa yote mawili anayaona sawasawa. Nayo ina hatari zake, mojawapo ni kidevu kufa ganzi.

Huku mbinu hizo zikiboreshwa, Hospitali ya Kuma iliyoko Kobe, Japani, ilikuwa ikijaribu jambo jingine tangu mwaka 1993: wagonjwa wenye saratani ya thairoidi aina ya papilari isiyozidi sentimita 1, isiyo na dalili za hatari, walipewa hiari ya kutopasuliwa, wakawa wanapimwa tu kwa ultrasaundi. Miaka 10 baadaye, uvimbe ulikuwa umeongezeka milimita 3 au zaidi kwa takriban asilimia 8 yao. Korea nako, idadi ya saratani hizi ilikuwa imepanda kwa kasi ile, lakini idadi ya wanaokufa kwazo haikubadilika.