Unalala Dar, hesabiwa Dar

Jamani kuna hili jambo kila nikipita mitaani nalikuta, na linaniumiza kwa sababu mambo ya sensa ndio kazi yangu. Mtu yuko Tandika hapa Dar miaka na miaka, kapanga hapo, watoto wanasoma hapo, ukimuuliza kuhusu sensa anakwambia mimi nilihesabiwa kwetu Rombo, mama aliniandikisha. Hapana ndugu yangu! Unahesabiwa pale ulipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa, basi. 2022 karani wa sensa aliuliza nani kalala hapa usiku wa kuamkia 23 Agosti, hakuuliza kwenu wapi, wala kabila wala dini.

Mgeni aliyelala kwako anahesabiwa kwako. Mlinzi au nesi aliyekuwa zamu anahesabiwa nyumbani kwake, waliolala gesti au stendi wanahesabiwa hukohuko. Anayejibu ni mkuu wa kaya, asipokuwepo anajibu mtu mzima mwingine anayewajua wote waliolala. Kukataa kuhesabiwa au kudanganya makusudi ni kosa kwa Sheria ya Takwimu, na karani naye anakula kiapo, akitoa siri zako anashtakiwa, kwahiyo ule uvumi kwamba majina ya sensa yanapelekwa kwa watu wa kodi tuuache, tumeshaujibu mara nyingi mno.

Sasa tuone hasara ya kuhesabiwa pasipo pako. Dar ilikutwa na watu 4,364,541 mwaka 2012, ikafika 5,383,728 mwaka 2022. 2025 Tume ya Uchaguzi ikaongeza majimbo 8 nchi nzima, mawili yakaja kwetu, Kivule na Chamazi, na idadi ya watu ni kigezo kimojawapo, kwahiyo ukijihesabu kwingine unaipunguzia Dar. Chanjo ndio inaniuma zaidi, maana dozi zinapangwa kwa makadirio ya watoto na makadirio yanaanzia kwenye sensa, na sensa yetu ni kila miaka 10. Mtoto anayelala Tandika ukimwandikisha Rombo, kwenye karatasi dozi yake iko Rombo, wewe uko foleni zahanati ya Tandika na mtoto mgongoni unamlaumu nesi.

Na nyie wenye nyumba za kupangisha Manzese na Buguruni, kaya sio nyumba, kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Vyumba sita, wapangaji sita kila mmoja na jiko lake, hizo ni kaya sita. Karani akija msimjibu "hapa tupo mimi na mke wangu", mgongeeni na yule wa chumba cha uani.