"Ni meno tu hayo": tunayoambiwa kuhusu watoto wadogo na ukweli wake

Mwanangu ana mwaka mmoja na miezi nane, na mwezi uliopita aliharisha siku tatu mimi nimetulia nyumbani, sikwenda hospitali, kwa sababu kila niliyemwambia alinijibu ni meno. Jirani kasema ni meno, mama mkwe kwenye simu kasema ni yale ya pembeni hayo ndo yanasumbuaga, hata dada wa duka la dawa kaniuliza anaota meno eeh, nikasema ndio, akanipa dawa ya kupaka kwenye fizi nikarudi zangu. Siku ya tatu jioni mtoto analia hana machozi, macho yameingia ndani, pampasi kavu toka asubuhi, ndo nikaita bajaji. Nesi aliyetupokea alimvuta ngozi ya tumbo akaiachia, ikarudi polepole, akaniambia mama huyu kakaukiwa maji, na meno hayaharishi. Toka siku ile kila ninachoambiwa kuhusu mtoto nakiuliza mara mbili, kwa nesi, kwa daktari, na kwa kusoma, na haya ndo niliyoyapata.

"Meno yanaharisha"

Meno ya utoto yapo 20, yanaanza kutoka kwenye miezi sita hivi na ya mwisho yanamalizika mtoto akikaribia miaka mitatu. Yaani kipindi chote hicho kuna jino liko njiani, kwa hiyo mtoto akiugua chochote ukimfunua mdomo utalikuta tu. Jino linaweza kumtoa udenda, kumfanya atafune kila kitu, asumbue usiku, joto lipande kidogo. Lakini homa ya 38 kwenda juu au kuharisha, hapana, hiyo ina sababu yake nyingine na ukikaa ukifikiria utaiona: miezi sita ndo tunaanza kumpa uji na maji, ndo anaanza kutambaa na kuokota vitu chini anatia mdomoni, na ile kinga aliyotoka nayo kwa mama inakuwa imepungua. Vinakutana kwenye umri mmoja basi, hakuna kinacholeta kingine.

Kinachotakiwa ni ORS (ile pakiti ya chumvi na sukari unayochanganya na maji) kila akiharisha, na zinki ya miligramu 20 kwa siku (huyu aliyevuka miezi sita) kwa siku 10 mpaka 14 hata kama kaacha kuharisha siku ya pili, hapo ndo wengi tunaharibu, tunaona kapona tunaacha vidonge vimebaki. Na anyonye, na ale, ile ya kumnyima chakula "tumbo lipumzike" inammaliza nguvu. Ukiona damu kwenye choo, anatapika kila kitu, hawezi kunywa, kalegea au macho yameingia ndani usisubiri kesho.

Halafu kuna ile mbaya zaidi, meno ya plastiki, wengine wanaita ya nailoni. Hii ipo hapa kwetu toka miaka ya 1980 mpaka leo, mtoto anaharisha au ana homa, mtu anamfunua fizi anaona vivimbe vyeupe, anasema haya ndo yanamuua yatolewe, na wanayachimbua kwa kitu chenye ncha bila ganzi. Jamani yale ni meno yake. Ni chonge zinazojitengeneza chini ya fizi, kila mtoto anazo, na ukichimbua hapo unamwacha na kidonda, kuvuja damu, hatari ya pepopunda na hata VVU kama kifaa kimetumika kwa mwingine, na jino la ukubwani linaweza kuharibika kabla halijatoka. Kuharisha kwenyewe kunabaki pale pale. Kukata kimeo kwa ajili ya kikohozi nako ni hivyo hivyo, kimeo hakileti kikohozi, na kuna watoto wamefika hospitali wanavuja damu baada ya kukatwa mtaani.

Nilivyozidi kuuliza nikaona kitu kinajirudia kila mahali. Mambo ya kawaida ya umri tunayaita ugonjwa au utundu tunahangaika nayo, na ugonjwa wenyewe tunauita kawaida tunakaa nao nyumbani.

"Kabemendwa huyo"

Hili ndo linaniuma kuliko yote. Mtoto akidhoofu, tumbo kubwa miguu myembamba, nywele zimekuwa nyepesi zimebadilika rangi, hatembei wakati wenzie wanakimbia, mtaani wanasema kabemendwa. Maana yake wazazi wamekutana mapema, au mmoja katoka nje ya ndoa, au mama kashika mimba nyingine huku bado ananyonyesha na maziwa yameharibika. Sasa fikiria huyo mama atakaaje na huyo mtoto kwenye benchi la kliniki wakati kila anayemwangalia anawaza mambo ya chumbani kwake? Haendi. Anafichwa mtoto ndani, anaogeshwa dawa za majani usiku usiku, wiki zinapita na mtoto anaisha.

Tendo la ndoa halina njia yoyote ya kuingia kwenye maziwa ya mama. Na maziwa ya mama mjamzito hayageuki sumu, wengi wanaendelea kunyonyesha bila shida, cha msingi ni kumwambia nesi wa kliniki na mama mwenyewe ale vizuri. Ila wazee wetu hawakuona uongo, waliona kitu cha kweli sababu ndo wakaikosea. Mimba ikija mapema mama anaambiwa achishe haraka, mtoto wa miezi kumi na moja anatolewa ziwani ghafla anabaki na uji mwepesi wa mahindi na sukari, mchana ugali na mchuzi bila nyama, dagaa wala maharage, na mwezi wa pili wa maisha hayo lazima adhoofu. Hata neno kwashakoo, jina la utapiamlo wa kuvimba, lina hadithi hiyo hiyo. Daktari mmoja mwanamke, Cicely Williams, alikuwa anafanya kazi Gold Coast, ndo Ghana ya leo, miaka ya 1930, akaona watoto wanavimba na kubadilika ngozi, akawauliza mama zao wanauitaje ugonjwa huu, wakamwambia jina la lugha yao ya Ga, ugonjwa unaompata mtoto anayeng'olewa na mdogo wake. Akaliandika hivyo hivyo kwenye jarida la madaktari mwaka 1935 na kulihusisha na kulishwa mahindi matupu. Wamama wa Ghana na wamama wa Dodoma walikuwa wanaangalia kitu kimoja.

Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano Tanzania wamedumaa. Kwa hiyo ukimwona mtoto wa hivyo kwa jirani msaidie afike kituo cha afya, wampime mkono kwa ule utepe, dakika moja tu, chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali anatakiwa matibabu, kati ya hapo na 12.5 ni wa kadiri na msaada upo. Wataangalia na mengine, kifua kikuu, VVU, moyo, na kama ni kutembea ndo shida wataangalia kama ni mtindio wa ubongo, ambao mazoezi yakianza mapema yanasaidia sana. Kutembea peke yake bila shida nyingine hakuna haja ya presha, kwa vipimo vya WHO (Shirika la Afya Duniani) wapo wanaoanza miezi minane na wapo wanaofika karibu miezi kumi na nane, na wote wazima.

"Hali kitu, mlazimishe"

Huku sasa ni upande wa pili. Mtoto mzima, anacheza, anaruka, ila hali. Nimelia kwa ajili ya sahani ya wali mimi, mtoto kafunga mdomo, bibi yake ananiambia mshike pua atafungua. Msimshike mtoto pua jamani, hivyo ndo watoto wanapaliwa chakula kinaingia kwenye njia ya hewa.

Nilikuja kuelewa nilivyoonyeshwa mstari kwenye kadi. Wastani wa mtoto wa kiume kwa WHO ni kilo 3.3 akizaliwa, 9.6 akifika mwaka, halafu 12.2 akifika miaka miwili. Mwaka wa kwanza kaongeza kilo sita na zaidi, mwaka wa pili mbili na nusu tu. Mwili umepunguza kasi na njaa nayo imepungua, sio kwamba kuna kitu kimeharibika. Kazi yetu ni kuweka chakula kizuri mezani kwa saa zake, milo mitatu au minne na kitu kidogo katikati mara moja au mbili, yeye ataamua ale kiasi gani. Na kitu alichokikataa leo kesho kutwa kirudishe kidogo tena, watoto wengine wanataka kukiona mara kumi na zaidi ndo wakikubali. Wangu mchicha aliutema wiki nzima, sasa hivi anauomba kwenye sahani ya baba yake.

Kwenye chakula niongeze mawili. Mayai hayamfanyi mtoto awe mwizi wala hayamcheleweshi kuongea, mpe, yai ni protini rahisi kuliko nyama. Na unga wa lishe wa nafaka saba nane, mahindi, mtama, uwele, ulezi, mchele, ngano, hizo zote ni wanga, ukizichanganya kumi bado ni wanga, bora nafaka moja nzuri halafu uji unauweka maziwa, au unampa na parachichi, dagaa wa kusaga, yai. Na karanga na mahindi yanayokaa kwenye unyevu yanaota ukungu wenye sumukuvu, mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa mahindi ya hivyo, kwa hiyo saga unga kidogo kidogo na chagua karanga kwa mkono kabla.

"Umemdekeza"

Anajitupa chini dukani kwa sababu umemnyima biskuti, watu wote wanakuangalia wewe. Au umemmenyea ndizi wakati alitaka aimenye mwenyewe, basi dunia imeisha. Hii ni umri. Kuanzia mwaka mmoja mpaka mitatu anataka vitu vingi, maneno ya kuvisema bado hana, na sehemu ya mbele ya ubongo inayomsaidia mtu kujizuia ndo kwanza inaanza kujengwa na itaendelea mpaka awe mtu mzima wa ishirini na kitu. Kumchapa hapo hakumfundishi kujizuia, tafiti nyingi zinaonyesha watoto wanaochapwa ndo wanazidi kuwa wagomvi. Mimi namwondoa penye watu, namkalia karibu, nasema maneno machache, umekasirika, ulitaka biskuti, leo hatununui, halafu nanyamaza. Biskuti simpi, maana nikimpa kesho atajua kulia ndo pesa. Kuna siku inachukua dakika mbili, kuna siku ishirini na mgongo wote umelowa jasho, na mara nyingi nikikagua nakuta alikuwa na njaa au hakulala mchana. Umri huu wanatakiwa saa 11 mpaka 14 za usingizi kwa siku pamoja na ule wa mchana, na sisi wa Dar tunaofika nyumbani saa mbili usiku tunawakesha tucheze nao, nami nafanya, nimemkumbuka mchana kutwa, ila najua kesho yake atalipia.

"Ana udata" / "lugha mbili zinamchanganya" / "wa kiume wanachelewaga"

Udata ni ile ngozi fupi chini ya ulimi. Unaweza kumsumbua mtoto kunyonya au kutamka baadhi ya sauti, lakini haumzuii kujifunza maneno, kwa hiyo mtoto asiyeongea kabisa kumkata udata sio jibu. Lugha mbili pia hazimchanganyi, bibi amwongeleshe Kisukuma, nyinyi Kiswahili, maneno yake yahesabu ya lugha zote. Akifika miaka miwili anatakiwa awe anaunganisha maneno mawili, mama maji, baba kaenda. Kama hafanyi hivyo, wa kike au wa kiume, mpeleke apimwe masikio kwanza, maana asiyesikia ataigaje. Na simu haimfundishi kuongea, anayemfundisha ni mtu anayemjibu. WHO wanasema wa mwaka mmoja asikae kwenye skrini kabisa, wa miaka miwili isizidi saa moja. Dada wa nyumbani akipika amweke jikoni pembeni mbali na moto amsimulie, kitunguu hiki, nyanya hii, inatosha kuliko katuni.

Zile nyingine nazipitia haraka. Toroli la kutembelea halimharakishi kutembea, linamwangusha kwenye ngazi na kumfikisha kwenye jiko, Kanada walilipiga marufuku mwaka 2004. Sukari inaozesha meno ila haimpagawishi mtoto. Kusaga meno usiku sio dalili ya minyoo, dawa ya minyoo anapewa kuanzia mwaka mmoja kila miezi sita, mwezi wa sita na wa kumi na mbili pamoja na matone ya vitamini A, asage meno asisage.

"Degedege sio ugonjwa wa hospitali, wakimchoma sindano anakufa"

Nimesikia hii kwa watu wazima wenye akili zao. Degedege kwa mtoto wa miezi sita mpaka miaka mitano mara nyingi ni homa kali imempanda, na homa hiyo inaweza kuwa malaria iliyofika kichwani au homa ya uti wa mgongo. Ule moshi wa kinyesi cha tembo wanaomfukizia mtoto wa degedege hauponyi malaria. Watoto wengi waliokufa baada ya sindano walifikishwa wamechelewa, sindano ikabebeshwa lawama. Akishikwa mlaze ubavu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimnyweshe kitu, angalia saa, na muondoke kwenda kituo cha afya hata kama kaacha kutetemeka, akapimwe malaria.

"Kliniki inaisha na chanjo"

Ya surua ya pili anachomwa miezi kumi na nane na hapo wengi tunaweka kadi kabatini. Kliniki ni mpaka miaka mitano, uzito, urefu, mkono, na ni pale pale unapouliza haya yote bure. Ya kwetu ni Alhamisi, mwanangu ana deni la kilo aliyopoteza kwa kuharisha, na juzi kwenye mizani ya dukani ilikuwa imeanza kurudi.