Yule "Anglo" wa kwenye fomu sio Mwingereza

Mwaka juzi nililetewa fomu ya afya niitafsiri kwa ajili ya Wakongo waliohamia San Antonio, Texas. Fomu yenyewe ya kawaida tu, umri, chanjo, sukari, presha, ila ukurasa wa tatu kulikuwa na jedwali linalogawa wakazi: Hispaniki, Weusi, Anglo. Mimi na miaka yangu yote ya kutafsiri, bila hata kufikiria mara mbili, nikaandika "Waingereza" nikaendelea zangu. Sasa kabla ya kuchapa huwa tunaijaribu fomu kwa watu wachache, basi mzee mmoja wa kutoka Uvira akaweka kidole palepale kwenye lile neno, akaniangalia: "Mtoto yangu, Baingereza beko wapi hapa?"

Nikakosa jibu. Manake kweli hawapo.

Anglo wa Texas ni mzungu yeyote asiye Mlatino, yaani asiye wa asili ya Meksiko au Amerika ya Kilatini (ndio hao "Hispaniki" wa kwenye fomu), basi. Ukoo wake uwe wa Kiitaliano, Kipolandi, Kiayalandi, haijalishi. Mwendo wa kama saa moja na kitu kwa gari kutoka hapo San Antonio kuna mji wa Fredericksburg, ulianzishwa na Wajerumani 1846, wakaongea Kijerumani chao vizazi na vizazi, na wajukuu zao leo kwenye takwimu wanahesabiwa Anglo! Ukitaka kujua kwa nini, angalia nani alikuwepo kwanza. Ile ardhi ilikuwa ya Meksiko, wageni wakaja wakiongea Kiingereza, wenyeji wanaoongea Kihispania wakahitaji jina la kuwaita, wakachukua "angloamericano" wakalikata. Baada ya vita na mkataba wa 1848 Meksiko ikapoteza eneo kubwa sana lakini jina likabaki. Kwa hiyo ni jina ulilopewa na jirani, sio la babu yako. Huko New Mexico wenyewe wanatania kwamba kama wewe sio Mhindi Mwekundu wala Mhispania basi ni Anglo tu, hata ukiwa Myahudi mwenye duka.

Sasa chukua neno hilohilo upande nalo mpaka Montreal, jimbo la Quebec, Kanada. Kule jirani anaongea Kifaransa, kwa hiyo kinachoangaliwa ni lugha, rangi haina kazi. Mtu ambaye wazazi wake wametoka Jamaika anaweza akawa anglo vizuri kabisa. Na usidhani ni maneno ya barabarani tu, tangu Sheria 101, ile ya lugha ya Quebec, ya mwaka 1977 mtoto kusoma shule ya serikali ya Kiingereza inabidi kwa kawaida ionyeshwe kwamba mzazi wake naye alisoma msingi kwa Kiingereza, mwanzoni hapo Quebec tu, baadaye popote Kanada, yaani uanglo una karatasi yake, na unarithishwa kama shamba.

Kameruni ndio inanichanganya kuliko zote. Anglofoni wa kule ni mtu wa Bamenda au Buea, upande uliokuwa chini ya Mwingereza na ukaungana na wenzao wa Kifaransa mwaka 1961. Mtu wa ukoo wa Douala, upande wa Kifaransa, anaweza akaongea Kiingereza cha kukushangaza na bado asiitwe Anglofoni, wakati bibi wa kijijini Bamenda anayejua pijini na lugha ya kwao tu anaitwa. Kinachowatenga ni mpaka wa mkoloni, na watu wamekufa kwa ajili yake tangu 2016.

India wao wameliandika mpaka kwenye katiba, kifungu cha 366. Anglo-Indian ni mzaliwa na mkazi wa India ambaye baba yake, au babu wa upande wa baba, ana asili ya Ulaya. Ulaya, sio Uingereza! Kwa hiyo aliyetokana na Mreno kwa baba anaingia, ila mwenye mama Mwingereza na baba Mhindi kisheria hayumo. Walikuwa hadi na viti viwili vya kuteuliwa bungeni, vimefutwa 2020. Na zamani kidogo neno hilo lilikuwa la Waingereza wenyewe waliokaa India, machotara walikuwa na jina lingine.

Kabla hujawacheka, na sisi tumo. Livingstone tunamwita Mwingereza kila siku na mtu kazaliwa Blantyre, Skotilandi. Na enzi za ubaguzi wa Afrika Kusini redio zetu zilisema "Makaburu" kwa serikali yote ya wazungu kule, wakati kaburu ni yule Boer, mzungu wa kule mwenye asili ya Kiholanzi, na alishapigana na Waingereza vita kubwa kuanzia 1899 mpaka 1902, Mwingereza wa Durban ukimwita kaburu anakasirika.

Ile fomu nikairekebisha, "Wazungu wasio Walatino", ikagoma kuenea kwenye safu ikabidi tupunguze saizi ya herufi. Nikampelekea tena yule mzee. Akasoma taratibu, akakubali kwa kichwa, halafu akanyoosha mkono dirishani kule kwenye gereji: "Na ule Mumexico mweupe wa kutengeneza magari, yeye tunamutia wapi?"