Tope la Sabaki halianzii Malindi

Kila masika, maji ya ghuba ya Malindi yanapogeuka mekundu, husikika kauli ileile: wenyeji waelimishwe, mabango yawekwe ufukweni. Nia ni njema, lakini sehemu kubwa ya tope hilo haikuanzia hapa. Mto Sabaki, unaoingia baharini kaskazini ya mji, ndio huohuo Galana, na juu zaidi ndio Athi. Unabeba udongo wa mashamba na malisho ya bara, Ukambani ikiwemo. Bango la Malindi halimfikii mkulima wa Machakos.

Na hata likimfikia, kumwambia aokoe matumbawe ya Malindi yanayofunikwa na tope hilo ni kumtwika mzigo wa wengine. Yeye anawaza mahindi yake, na ana haki. Huko ndiko mbinu ya matuta iitwayo fanya juu ilikoshika: mkulima huchimba mtaro kukata mteremko, udongo akautupa upande wa juu, kisha akapanda nyasi kwenye tuta. Mvua ikinyesha, maji hutulia na kuzama, na rutuba hubaki. Jirani akiona mahindi ya mwenzake yamestahimili jua, huja kuuliza mwenyewe. Elimu ya mto ianzie hapo shambani, na wavuvi wetu wapelekwe wakawaeleze wakulima wanachokiona nyavuni.