Je, Wajua? Kwa Nini Linux Haiongezi Kasi ya Kuchimba Sarafu

Waulize mafundi wa Kampala wanaounda mashine za kuchimba sarafu za kidijitali kwa kadi za michoro, na baadhi watakuambia: futa Windows, weka Linux, kadi itakimbia zaidi. Nami niliamini hivyo kwa muda mrefu. Hoja ilikuwa na mashiko: Windows ni nzito, na mzigo ukipungua mwendo huongezeka. Lakini uzito huo huilemea prosesa na kumbukumbu ya kompyuta. Uchimbaji, yaani kubahatisha jibu la fumbo la hesabu mara mamilioni ili kulipwa sarafu, hufanyika ndani ya kadi, yenye prosesa yake na kumbukumbu yake. Mfumo endeshi, uwe Windows au Linux, hupeleka kazi na kupokea majibu, basi.

Tuchukue Ethereum, sarafu iliyochimbwa tangu 2015 hadi 15 Septemba 2022. Kanuni yake, Ethash, ililazimu kila jaribio kusoma vipande 64 vya baiti 128 kutoka faili kubwa lililokaa kwenye kumbukumbu ya kadi. Jumla ni baiti 8,192. Fikiria ghala la mahindi pale Kisenyi lenye mlango mmoja mwembamba. Wapagazi wapo tele na nguvu wanazo, ila kila oda inadai safari 64 kupitia mlango huo. Mbadilishe msimamizi aliyeketi nje na daftari, mlete hodari kuliko wote: mlango ni uleule. Mlango wa kadi ya GTX 1070 hupitisha gigabaiti 256 kwa sekunde. Gawanya kwa 8,192, unapata majaribio kama milioni 31 kwa sekunde. Na kweli, wachimbaji walioipanga vizuri kadi hiyo walipata takriban milioni 30, iwe Windows au Linux. Hesabu hii hunifurahisha kila nikiirudia.

Basi tofauti walizoziona watu zilitoka wapi? Nyingi zilitoka kwenye draiva, programu inayouwezesha mfumo kuiendesha kadi. Faili lilivyokua, kadi za kampuni ya AMD kama RX 480 zilianza kupoteza kasi, na Agosti 2017 AMD ikatoa draiva ya majaribio ya kurekebisha hilo kwenye Windows. Aliyepima mashine yenye draiva ya zamani alidhani analinganisha mifumo.

Linux ilishinda kwenye nafasi. Windows 10 ilijitengea sehemu ya kumbukumbu ya kadi, na kwa kuwa faili lilianza na gigabaiti 1 likazidi kunenepa, kadi za gigabaiti 3 zilikwama huko mapema huku kwenye Linux zikiendelea kuchimba.

Hesabu ya mlango haitoshi kwa kila sarafu, lakini. Ravencoin, kwa mfano, huitumikisha sana pia sehemu ya hesabu ya kadi, hivyo draiva ina nafasi kubwa zaidi ya kuleta tofauti.

Kwetu Uganda, hata Yaka, mita ya umeme wa kulipia kabla, ikiwa na yuniti za kutosha, umeme hukatika. Mashine inayolala nusu saa kila siku hupoteza asilimia 2 ya kazi yake. Linux za wachimbaji, kama HiveOS, huwaka kutoka kwenye flashi na kuanza kuchimba zenyewe, pamoja na mipangilio yote ya kadi. Windows nayo huweza, ila lazima uipange mwenyewe. Kwa vyovyote, kwanza ingia kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya mashine, uiambie mashine ijiwashe umeme unaporudi.