Pampu imekufa Kilifi, na kaskazi inaisha

Karakana yangu iko Nairobi, mwendo wa kilomita 480 hivi kutoka Mombasa, lakini simu zinazonikosesha usingizi kila Februari hutoka baharini. Ya mwaka huu ilikuwa ya mzee aliyetia nanga kwenye hori ya Kilifi pamoja na mkewe, wakielekea Unguja kwa mashua yao ya tanga. Pampu ya maji ya bahari, ile inayopoza injini, ilikuwa inavuja. Muuzaji wa vipuri alimwambia pampu mpya itatoka ng'ambo kwa wiki tatu.

"Fundi, tutang'oa nanga hivyo hivyo. Tanga tunalo."

Nilimsihi asiondoke. Wasiwasi wake niliuelewa. Kaskazi huvuma tangu Desemba hadi Machi, na ndiyo inayopeleka vyombo kusini. Ikikatika huja maleleji, upepo usio na msimamo, kisha Aprili kusi inaingia pamoja na masika. Mkondo wa pwani yetu nao unaelekea kaskazini, kwa hiyo aliyechelewa hupiga bishi, yaani huenda kwa kukata huku na huku, akipambana na upepo na mkondo kwa pamoja. Lakini kutoka Kilifi unapita kwenye mlango wa mwamba. Upepo ukifa pale na injini haiwaki, mawimbi yatakuamulia pa kwenda.

Basi nikamwambia aifungue pampu, aipanguse vizuri, anipigie picha za namba zilizochapwa kwenye vipande vyake. Hapa ndipo ninapotaka kila baharia anisikilize. Pampu nzima ina jina la kampuni na bei ya kutisha, ila ndani yake mna vitu vya kawaida kabisa. Beringi yake ilikuwa 6202: milimita 15 ndani, 35 nje, unene 11. Hiyo ni beringi ya duniani kote. Sili ya mpira, inayozuia maji kuvuja, nayo ilikuwa na vipimo vyake vimechapwa ubavuni. Nilishuka Kirinyaga Road, mtaa wa vipuri hapa Nairobi, asubuhi, na saa sita mchana nilikuwa na vyote viwili mkononi. Ekseli ingekuwa imelika, ningempelekea mkerezaji, fundi wa kuchonga vyuma, kule Kariobangi. Kifurushi kikapanda basi la usiku.

Kitu kisicho na mbadala wa mtaani ni impela, kile kigurudumu cha mpira chenye mapezi. Chukua mbili za akiba kabla hujaanza safari. Na ikikatika, hesabu mapezi yaliyobaki, kisha tafuta kila kipande kilichopotea, maana huenda kikaziba njia ya maji na injini ichemke tena hata ukiweka impela mpya. Ya mzee ilikosa mapezi mawili.

Siku zile za kusubiri, mkewe ndiye aliyetuliza mambo. Aliacha kuhesabu siku walizopoteza, akaandika tarehe moja tu: 10 Machi. Wakiwa tayari kabla yake, Unguja. Wakichelewa, watangoja kusi ianze na kwenda nayo Lamu kabla haijakomaa. Tangu hapo mzee hakutaja tena kuondoka bila injini. Alishona tanga, akapima maji ya kunywa yaliyobaki, akanipigia mara moja tu kwa siku, jioni.

Pezi la kwanza alilipata kwenye kifuniko cha pampu. La pili lilimchukua siku mbili, akalikuta limejibana kwenye kona ya mpira wa maji, karibu kabisa na kipoza injini. Wakang'oa nanga tarehe 6, kaskazi ingali na nguvu.